Mikondo ya pembeni: somo kutoka Bonde la Mto Columbia



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu kurudisha makazi ya samaki mtoni. Tumeliandaa kwa ajili ya kamati za parokia zinazosimamia miradi ya mazingira, na kwa wafadhili wanaopenda kujua fedha zao hufanya nini hasa zikifika kwenye maji.

Mfano wetu unatoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Tumeuchagua kwa sababu watu wa huko wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, na mafanikio yake pamoja na mapungufu yake yanaonekana wazi. Isitoshe, mmoja wa samaki tutakaowataja si mgeni kabisa kwetu, kama tutakavyoona.

Lengo la somo

Baada ya somo hili, kamati iweze kueleza mkondo wa pembeni ni nini, unajengwaje, na kwa nini kazi hiyo haipaswi kuhukumiwa siku ya uzinduzi, bali katika miezi migumu ya mwaka na baada ya miaka kadhaa.

Samaki wa safari ndefu

Mto Columbia una urefu wa takribani kilomita 2,000. Unaanzia Kanada na kuingia Bahari ya Pasifiki kati ya majimbo ya Washington na Oregon. Humo huishi salmoni wa aina mbalimbali pamoja na stilihedi. Stilihedi ni trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni kuzaa. Ni samaki yule yule mwenye mstari mwekundu ubavuni anayepatikana katika vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, alikopelekwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba yule wa Kenya hukaa mtoni maisha yake yote.

Salmoni na stilihedi huzaliwa kwenye maji baridi ya milimani. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa kutumia mkia, hutaga mayai, kisha huyafunika. Mayai hayo huhitaji maji safi yanayopita kati ya mawe. Tope likijaa, mayai hukosa hewa na kufa. Vifaranga wakitoka, hukaa mtoni kwa muda kabla ya kwenda baharini. Salmoni aina ya Chinook wanaopanda mto majira ya kuchipua hukaa kwa kawaida mwaka mmoja. Stilihedi hukaa mwaka mmoja hadi mitatu, na pengine zaidi.

Jike mmoja wa Chinook hutaga mayai elfu kadhaa. Ili idadi ya samaki isipungue, inatosha wawili tu kati ya wote hao warudi kuzaa. Maana yake ni kwamba wengi hufa njiani, na wengi wao hufa wakiwa wadogo. Ukiokoa sehemu ndogo tu ya vifaranga mtoni, unaweza kubadili idadi ya watakaorudi.

Mkondo wa pembeni ni nini?

Mto wenye afya hauna njia moja. Una mkondo mkuu wenye maji mengi na ya kasi, na kando yake una mikondo midogo inayoachana nao na kuungana nao tena chini. Mingine hupokea maji mwaka mzima, mingine wakati wa mafuriko tu, na mingine hulishwa na chemchemi za maji ya ardhini.

Kwa mtu anayepita darajani, mikondo hiyo huonekana kama vijito visivyo na maana. Kwa kifaranga chenye urefu wa kidole, ndiyo nyumba. Kwenye mkondo mkuu hutumia nguvu nyingi kupambana na maji. Pembeni maji ni ya polepole, wadudu wa kula ni wengi, na mizizi na magogo humficha asiliwe. Mafuriko yakija, hupata mahali pa kujisitiri asisombwe. Wakati wa joto, maji yanayotoka ardhini huwa baridi kuliko ya mto. Wakati wa baridi kali huwa na uvuguvugu kidogo, hivyo hayagandi upesi. Hili ni jambo kubwa, kwa kuwa maji yakikaribia nyuzi joto 20 au kuzidi, samaki hawa hudhoofika.

Ilipotea vipi?

Mikondo hii ilipotea kidogo kidogo. Barabara na reli zilijengwa kando ya mito na kukata njia za maji. Wakulima walijaza udongo ili kupata ardhi tambarare. Magogo yaliondolewa kwa kuonekana kuwa uchafu. Baada ya mafuriko, kama yale makubwa ya mwaka 1948 yaliyoharibu mji wa Vanport huko Oregon, watu walijenga na kuimarisha matuta ili kuzuia maji yasitoke. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na waliozichukua walikuwa wanalinda nyumba na mashamba yao. Lakini mto uliobanwa huchimba kina, huongeza kasi, na kuiacha mikondo ya pembeni ikining'inia juu, mikavu.

Hapo hapo mabwawa yalijengwa. Bwawa la Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, halikuwekewa ngazi za samaki, na likafunga sehemu yote ya juu. Salmoni anayerudi leo kwenye Mto Methow hupita mabwawa tisa na kusafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini. Baraza linalosimamia mpango wa umeme na samaki katika bonde hilo lilikadiria kwamba kabla ya mabadiliko haya samaki kati ya milioni 10 na 16 walikuwa wakirudi kila mwaka. Miaka ya karibuni wamekuwa zaidi kidogo ya milioni 2, na wengi wao wametoka kwenye vituo vya kutotolesha vifaranga. Stilihedi wa sehemu za juu za Columbia waliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1997, na Chinook wa majira ya kuchipua mwaka 1999.

Hasara hii ina wenyewe. Mwaka 1855 mataifa ya wenyeji asilia, likiwemo Taifa la Yakama, yalitia saini mikataba na serikali ya Marekani. Yalitoa ardhi kubwa, lakini yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Tarehe 10 Machi 1957, Bwawa la The Dalles lilifunika Maporomoko ya Celilo, mahali palipokuwa pa uvuvi na biashara kwa maelfu ya miaka. Haki ya kuvua bila samaki ni karatasi tupu. Ndiyo maana Taifa la Yakama ni miongoni mwa watendaji wakuu wa kazi ya kurudisha mikondo katika mito ya Methow, Entiat na Wenatchee.

Makanisa nayo yamelisemea jambo hili. Mwaka 2001 maaskofu Wakatoliki wa eneo la bonde hilo, wa Marekani na wa Kanada, walitoa barua ya kichungaji kuhusu Mto Columbia, wakiunganisha utunzaji wa uumbaji na manufaa ya watu wote.

Kazi yenyewe hufanyikaje?

*Hatua ya kwanza: kuusoma mto.* Wataalamu hutazama picha za zamani zilizopigwa kutoka angani ili kuona mto ulikopita. Hupima miinuko, na huchimba visima vidogo vya kupimia kina cha maji ya ardhini na joto lake kwa mwaka mzima au zaidi. Mara nyingi mahali pazuri ni pale mkondo wa kale ulipokuwa.

*Hatua ya pili: kukubaliana na wenye ardhi.* Sehemu kubwa ya kingo ni mali ya watu binafsi. Mwenye shamba huuliza kama maji yatafika ghalani kwake, na swali lake ni la haki. Lazima ajibiwe kwa vipimo, siyo kwa maneno matamu. Mradi ulioharakisha hatua hii hukwama baadaye.

*Hatua ya tatu: kuchimba kwa wakati wake.* Kazi ndani ya maji huruhusiwa kwa majuma machache tu ya kiangazi, vifaranga wakishatoka kwenye changarawe na kabla ya wakubwa kuanza kutaga. Eneo huzungushiwa nyavu na samaki huhamishwa kwanza. Mitambo huchimba sehemu kubwa pakiwa pakavu, na maji huunganishwa mwishoni.

*Hatua ya nne: kuweka makazi.* Mfereji mtupu ulionyooka hauna faida kwa samaki. Huwekwa magogo makubwa yenye mizizi, vidimbwi vyenye kina, na changarawe. Kingoni hupandwa mierebi na miti mingine ya asili ili ilete kivuli na kushika udongo. Mahali pengine biva, yule mnyama anayejenga mabwawa madogo kwa miti, huachwa aendeleze kazi.

*Hatua ya tano: kulinda milango.* Mlango wa juu ukiwa mpana mno, mto waweza kuhamia humo wote. Ukiwa mwembamba, au ukikaa vibaya, huziba kwa mchanga na takataka. Mlango wa chini ndio wa kuangaliwa zaidi: maji yakipungua na mlango huo ukakatika, vifaranga hunaswa kwenye vidimbwi, maji hupata joto, nao hufa. Mkondo wa namna hiyo ni mtego.

Mafanikio hupimwaje?

Hapa ndipo tunawaomba wafadhili na kamati wasome kwa makini. Taarifa ya mradi inaweza kusema: "Tumechimba mita kadhaa na kupanda miti kadhaa." Hiyo ni hesabu ya kazi iliyofanyika, siyo ya samaki waliopona.

Hata kuona vifaranga wengi ndani ya mkondo mpya hakutoshi. Huenda wamehama tu kutoka mkondo mkuu, na idadi yao katika mto mzima haijaongezeka. Swali la kweli ni hili: je, wanaoondoka kwenda baharini wamekuwa wengi zaidi, au wakubwa na wenye nguvu zaidi, kuliko zamani?

Ili kulijibu, watafiti hupiga mbizi na kuhesabu samaki, huacha vipima joto majini, na huwawekea baadhi ya vifaranga kitambulisho kidogo cha kielektroniki chenye urefu wa milimita 12 hivi. Kitambulisho hicho husomwa samaki anapopita kwenye vituo vya mtoni na mabwawani, akienda na akirudi. Mto Entiat ni mmoja wa mito iliyochaguliwa kufuatiliwa kwa karibu hivyo, ukilinganishwa na mito mingine. Majibu huja polepole. Chinook aliyezaliwa leo aweza kurudi baada ya miaka minne au mitano, na mwaka mmoja mbaya baharini unaweza kuficha faida iliyopatikana mtoni. Kwa hiyo bajeti isiyo na fungu la ufuatiliaji na matengenezo haijakamilika, hata kama fungu la uchimbaji limetosheleza.

Mipaka ya kazi hii

Mikondo ya pembeni haiondoi mabwawa, haipunguzi joto la dunia, wala haiongezi chakula baharini. Kifaranga aliyelelewa vizuri Methow bado ana mabwawa tisa mbele yake. Mahali pengine imeonekana kuwa kuondoa kizuizi chenyewe huzaa matunda ya haraka. Kwenye Mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, mabwawa manne yaliondolewa, kazi ikakamilika mwaka 2024, na Chinook wakaonekana juu ya mahali hapo vuli ile ile.

Hata hivyo, kufungua njia hakutoshi kama mwishoni hapana nyumba. Na pale ambapo bwawa litaendelea kuwepo, kila kifaranga anayeondoka akiwa na afya ana nafasi bora zaidi. Tusiwaambie wafadhili kwamba mkondo mmoja utaokoa samaki wote, wala tusiwaambie kwamba hauna kazi.

Mambo ya kukumbuka

- Makazi madogo ya pembeni yanaweza kuamua uhai wa mto mzima.
- Vipimo vitangulie mitambo.
- Mlango wa kutokea ni muhimu kama wa kuingilia.
- Mradi utembelewe wakati wa ukame na wakati wa baridi, siyo siku ya sherehe pekee.
- Matengenezo na ufuatiliaji ni sehemu ya mradi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mto au kijito cha eneo letu, maji yalipita wapi zamani? Ni wazee gani wanaokumbuka?
2. Nani alipoteza chakula, kazi au haki njia hizo zilipofungwa? Je, yumo kwenye kamati yetu?
3. Taarifa zetu kwa wafadhili zinahesabu nini: kazi tuliyofanya, au mabadiliko yaliyotokea?
4. Mradi wetu wa sasa utakuwa na hali gani katika mwezi mgumu kuliko yote wa mwaka? Nani atakwenda kuuangalia, na kwa fedha gani?

Tunashauri kamati itenge kikao kimoja kwa maswali haya, na ikiwezekana kifanyike ukingoni mwa mto. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, hasa la swali la nne, pamoja na jina la atakayekwenda na mwezi atakaokwenda.