Mashine Yako, Ufunguo wa Mwingine

Wanachama wenzangu, siku moja ya soko hapa Mulot nilikuwa kwa fundi wa simu, nangoja chaja. Akaja mama mmoja, simu ameifunga ndani ya leso. "Kijana wangu, nitengenezee, imekataa kufunguka." Fundi akaitazama mara moja tu. "Mama, hii si mbovu. Ni ya mkopo, imefungwa na wenyewe. Ukilipa itafunguka." Mama hakubisha, deni alilijua.

Shuleni nikamwuliza mwalimu wa kompyuta: je, iko mashine inayofungwa hata kama mtu amelipa yote? Akacheka, akanipa somo hili ninalowaletea.

Mwaka 1989 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iitwayo 486. Ndani yake mlikuwa na sehemu maalumu ya kupiga upesi hesabu za desimali. Bei ilikuwa kali. Mwaka 1991 ikaja 486SX, ya bei nafuu. Tofauti? Zile za mwanzo zilikuwa 486 ile ile, ila sehemu ya hesabu ilizimwa kiwandani. Ilikuwamo, imelazwa tu! Mnunuzi akiitaka hesabu, aliuziwa kipande cha kuongeza, 487SX. Hapo ndipo nilipochoka kabisa, kwa maana kipande hicho kilikuwa 486 nzima: ukikichomeka, prosesa ya kwanza inazimwa na mgeni anafanya kazi zote. Mtu amenunua ubongo mara mbili, anatumia mmoja.

Kufikia 2010 hata kipande hakikuhitajika. Intel iliuza kadi ya dola 50 yenye namba za siri, kama kadi ya kukwangua ya simu. Ukiziingiza, prosesa ya Pentium G6951 uliyokwisha kuinunua inaongezeka nguvu zilizokuwamo tangu mwanzo. Watu wakapiga kelele, na mpango haukudumu.

Wenye viwanda wana lao la kusema: ni rahisi kutengeneza aina moja kuliko mbili, na mwenye pesa kidogo naye anapata mashine. Tena prosesa nyingine hutoka na kasoro. Afadhali kuzima sehemu mbovu kuliko kutupa yote. Hilo nakubali. Hata chai yetu ya Kericho na Bomet hupangwa kwa madaraja. Lakini vumbi la chai ni vumbi kweli, si majani mazuri yaliyofungwa mdomo.

Na yule mama, si alikuwa na deni? Mwenye 486SX alikuwa anadaiwa nini?