Demokrasia Sagamoyo: Je, Ipo Kweli?

Swali: "Demokrasia ya kweli haipo katika siasa za kisasa." Tathmini ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. (alama 20)

Mtahiniwa mpendwa, usikimbilie kuorodhesha maovu ya Majoka. Orodha hiyo ni jibu la swali la uongozi mbaya, na hapa itakupa alama chache. Pigia mstari maneno "ya kweli". Sagamoyo haijakosa uchaguzi. Kura inazungumziwa, na Majoka mwenyewe anaihofia. Jiulize basi: ikiwa kura ipo, kinachokosekana ni nini?

Anzia kabla ya siku ya kura. Jabali alikuwa mpinzani mwenye wafuasi, akauawa. Tunu anavamiwa na wahuni na kuumizwa mguu. Ashua anatiwa ndani. Watu wanapoondolewa njiani namna hii, mpiga kura hubakiwa na jina moja tu la kuchagua, hata kama karatasi ya kura ni halali. Ongeza hoja ya habari: kituo kinachosikika ni Sauti ya Mashujaa, nacho humwimbia mtawala sifa. Raia atamchaguaje mtu ambaye hajawahi kumsikia?

Usidhani haya ni ya kitabuni tu. Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura ya mlolongo katika mchujo wa chama cha KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria tangu 1982. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, wakahesabiwa mchana peupe. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja. Mahali kwingine mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na watu walikuwa wameiona kwa macho yao! (Mfano huu ni wa kukufungua akili. Katika mtihani, hoja zako zitoke kitabuni.)

Sasa twende Mangweni, mahali ambapo watahiniwa wengi hupapita mbio. Mamapima anauza pombe haramu kwa kibali cha utawala. Tunu na Sudi wanakwenda kuwaalika walevi wajiunge na harakati za kudai soko, nao wanawacheka. Ngurumo anaona mambo yamekuwa mazuri tangu soko lifungwe. Angalia vizuri: hakuna aliyemshikia bunduki. Anamuunga mkono Majoka kwa hiari yake, lakini hiari hiyo imelowa pombe iliyoidhinishwa na Majoka huyohuyo. Kwangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Mpinzani anaweza kulindwa na kituo kikafunguliwa. Raia aliyekwisha kununuliwa atakombolewa vipi?

Neno "tathmini" linadai upande wa pili pia. Kingi, mkuu wa polisi, anakataa amri ya kuwapiga watu risasi na kupoteza kazi yake. Wananchi wanaususia mkutano wa Majoka na kumfuata Tunu sokoni. Mtawala anabaki na viti vitupu bila kura hata moja kuhesabiwa. Hata nchini mwetu, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Kwa hiyo usiandike kwamba demokrasia haipo kabisa. Andika kwamba haikamiliki kwa sanduku la kura peke yake, kisha uthibitishe.

Tahadhari moja katika hitimisho lako. Wengi huandika, "Mwishoni Tunu analeta demokrasia Sagamoyo." Rudi usome onyesho la mwisho. Watu wamekusanyika kwa Tunu, wanashangilia, lakini pazia linafungwa kabla ya uchaguzi wowote kufanyika.

Zoezi: Je, Ngurumo ni mhasiriwa wa utawala wa Majoka au mshiriki wake? Toa hoja tano. (alama 10)