Hukumu ya Kuuza na Kununua Gari Lililotumika, na Dhamana ya Hati za Uzima Wake

DIBAJI

Biashara ya magari yaliyokwisha kutumika imeenea katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kama ilivyoenea katika mwambao wote. Ukiisha mnada wa korosho, na wakulima wakalipwa fedha zao kwa njia ya vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limekusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, watu wengi hutafuta gari la kuchukulia mizigo au abiria. Na mengi katika magari hayo yamekwisha kupita mikono miwili na mitatu. Bei hufungwa kwa saa moja, na ugomvi wake huweza kudumu miaka. Mara nyingi asli ya ugomvi huo ni neno moja ambalo halikuulizwa siku ya kuuziana: hati za gari na uzima wake ni dhamana ya nani, ya muuzaji au ya mnunuzi?

Jawabu lake kwa ufupi ni kuwa kila mmoja ana fungu lake. Liko fungu la muuzaji, liko fungu la mnunuzi, na iko haki ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo penye bei, naye ndiye apandaye gari lile au apitaye njiani mbele yake. Wawili hawa waweza kusameheana haki zao. Haki ya huyu wa tatu hawana ruhusa ya kuisamehe.

FASLI YA KWANZA: IBRA ILIYOMO KATIKA NCHI YENYEWE

Watu wa Nachingwea hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ibra ya chombo kilichonunuliwa bila ya kuangaliwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza katika Tanganyika Mradi wa Karanga, mashamba yake yakawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, walinunua yaliyokwisha kutumika, mabaki ya majeshi, mengine yakitoka visiwa vya Philippines. Yalipofika Kongwa, mengi yalikuwa yamechakaa, na kabla ya mwaka ule kwisha sehemu kubwa yake ilikuwa imelala haifanyi kazi. Hiyo ilikuwa sababu moja katika sababu nyingi, pamoja na ardhi ngumu na mvua haba. Na mwezi wa Januari 1951 mradi ukaachwa, baada ya kupotea zaidi ya pauni milioni 36. Hasara ile iliwaangukia walipa kodi wa Uingereza, ambao hawakuwako siku matrekta yale yaliponunuliwa.

Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo, kutoka Mtwara hata Nachingwea, ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo korosho, ufuta, mbaazi na wasafiri wa nchi ile hutegemea barabara. Basi uzima wa gari katika Nachingwea na Ruangwa ni jambo la roho za watu na riziki zao.

FASLI YA PILI: YAMPASAYO MUUZAJI

La kwanza limpasalo muuzaji ni kusema kasoro aijuayo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliutia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni akaona umajimaji. Na mwenye mali alipotoa udhuru wa mvua, aliambiwa kuwa ilimpasa kuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona. Gari nalo lina juu yake na chini yake. Rangi mpya na viti vilivyofutwa ni juu. Breki zivujazo, usukani ulio legelege, na chesisi iliyopata kuvunjika ikaungwa, ni chini. Mwenye kujua ya chini akaonyesha ya juu tu, amefanya lile lile la mwenye nafaka.

La pili, asidhani kuwa neno "nakuuzia kama lilivyo" lamtoa katika dhamana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na watu wengi wa pwani, muuzaji akishurutisha kuwa yu mbali na kila kasoro, sharti hilo humfaa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, wala halimfai katika vitu vingine. Gari si mnyama. Na kasoro aliyoijua akainyamazia haisameheki kwa sharti hilo kwa hali yoyote.

La tatu ni hati. Kadi ya gari iwe katika jina lake, au awe na idhini ya wazi kutoka kwa mwenye jina. Namba ya chesisi na namba ya injini ziwe zile zile zilizoandikwa katika kadi. Na ikiwa gari lina faini za barabarani zisizolipwa, azilipe au azitaje; kwani faini hizo huandikwa kwa namba ya gari katika daftari la Jeshi la Polisi, na mnunuzi ataliona deni ambalo hakulifanya.

Wala dhamana hii si ya muuzaji peke yake. Wanazuoni wa madhehebu haya wamesema kuwa hata asiye muuzaji, akiijua kasoro, yampasa kumwambia anunuaye. Basi dalali na fundi wasiseme kuwa wao hawakuuza.

FASLI YA TATU: YAMPASAYO MNUNUZI

Mnunuzi naye asikae akitegemea uaminifu wa mwenziwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1931, haimdhamini kila mnunuzi uzuri wa kitu. Humlinda zaidi yule aliyenunua kwa mtu ambaye kuuza vitu hivyo ndiyo kazi yake, akamweleza haja yake na akautegemea ujuzi wake. Na aliyelikagua gari mwenyewe, huenda asisikilizwe kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipasa kuidhihirisha. Kwa hiyo na aende na fundi wake, asiye wa muuzaji, alitazame gari chini na juu, na aliendeshe penye mteremko na penye makorongo kabla ya kutoa fedha.

Akiisha kununua, yampasa mambo manne. La kwanza, mkataba wa mauziano uandikwe, wenye mashahidi, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana, na kasoro zilizotajwa ziandikwe ndani yake. La pili, auhamishe umiliki katika Mamlaka ya Mapato, na kulipa ushuru wa stempu na kodi ya uhamisho ambayo ina sheria yake tangu mwaka 1972. La tatu, akate bima kwa jina lake. Kwani bima ni ahadi baina ya kampuni na mtu, wala haihami na gari kwa kuuzwa tu. La nne, ikiwa atachukua abiria au mizigo kwa ujira, apate leseni yake mwenyewe kwa LATRA, mamlaka iliyoshika kazi hiyo tangu mwaka 2019 badala ya SUMATRA. Leseni ya mwenye gari wa kwanza hainunuliwi pamoja na gari.

Na akiona kasoro ya zamani baada ya kununua, afanye haraka kulirudisha. Khiyari ya kurudisha katika madhehebu ya Shafi haingoji; mwenye kuijua kasoro kisha akaendelea kulitumia gari lile msimu mzima, huhesabiwa kuwa ameridhika nalo.

FASLI YA NNE: CHETI CHA UKAGUZI NI USHAHIDI WA SIKU YAKE

Watu wengi hushika cheti wakaona wamemaliza. Yafaa ijulikane kuwa cheti cha mkaguzi kinashuhudia hali ya gari siku lilipokaguliwa. Gari lililopimwa kwa kanuni za Shirika la Viwango lilipoingia kutoka ng'ambo, limeshuhudiwa kwa siku ile. Na stika ya usalama iliyobandikwa kiooni na polisi ni ya siku ile nayo. Breki huisha baada ya cheti, na tairi hupasuka lingali na stika. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humshika mwenye kuendesha chombo kibovu na mwenye kukiruhusu kiendeshwe, wala haimwachi kwa kuwa zamani kiliwahi kukaguliwa.

MFANO

Zaidi wa Nachingwea amemuuzia Amri wa Ruangwa gari la abiria. Zaidi ajua kuwa breki za nyuma zavuja, akanyamaza. Kadi imo katika jina la Bakari, aliyemuuzia Zaidi mwaka uliopita. Amri naye akaiacha vivyo hivyo ili kuepuka gharama za kuhamisha, na bima akaiona kiooni haijaisha muda wake, akaridhika. Fundi akamwambia juu ya breki mwezi wa kwanza. Akasema atatengeneza baada ya msimu. Mwezi wa tatu gari likashindwa kusimama mteremkoni, na mwanamke aliyekuwa akienda hospitali akavunjika mguu.

Suali: Je, Amri aweza kumrudishia Zaidi gari?
Jibu: Khiyari yake imepotea, kwa kuwa aliijua kasoro akaendelea kulitumia. Na Zaidi anabaki na dhambi ya kuficha, wala kupotea kwa khiyari hakumtakasi.

Suali: Je, bima italipa?
Jibu: Kampuni yaweza kukataa, kwa kuwa haikupata kuahidiana na Amri. Basi akiba ya gharama za kuhamisha imekuwa ndogo sana mbele ya matibabu ya mtu.

Suali: Bakari ana nini katika haya?
Jibu: Jina lake limo katika kadi, na mbele ya serikali yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Ikiwa hana mkataba wenye tarehe, atapata taabu kuthibitisha kuwa gari si lake tena.

Suali: Zaidi na Amri wakisema kuwa walikubaliana "kama lilivyo", neno hilo lamfunga mwanamke yule?
Jibu: Halimfungi hata kidogo. Yeye hakuuza wala hakununua. Alilipa nauli na kuamini kuwa mwenye gari ameliangalia. Haki yake iko juu ya Amri aliyeliweka barabarani hali ya kuijua kasoro yake, na Zaidi hana uso wa kumlaumu mwenziwe.

KHATIMA

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Hakim bin Hizam, kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa bei yao. Na wakificha na kusema uwongo, baraka hiyo hufutwa. Basi muuzaji na aseme, na mnunuzi na aangalie, na wote wawili waende pamoja katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kuagana, wasitoke mpaka jina limebadilika. Na gari lisipakie mtu mpaka breki zake zimetengenezwa, kwani atakayepanda kesho asubuhi hana khabari ya waliyokubaliana jana jioni.

Wallahu a'lam.