Safari ya Dukani Wakati wa Amri ya Kukaa Nyumbani: Sheria, Utaratibu na Adabu



Kuanzia tarehe 6 Januari 2021, kila mkazi wa Uingereza alitakiwa kisheria kubaki nyumbani kwake, isipokuwa akiwa na udhuru uliokubalika. Miongoni mwa nyudhuru hizo ilikuwa kununua chakula, dawa na mahitaji mengine ya lazima. Kwa familia nyingi, safari ya dukani ndiyo iliyokuwa pekee iliyobaki ya kuwakutanisha na watu wasiokaa nao nyumba moja. Kwa hiyo ndiyo pia iliyokuwa njia ambayo maradhi ya korona yangeweza kupitia hadi yakamfikia bibi au babu ambaye hakuwa amevuka kizingiti cha mlango kwa wiki kadhaa.

Masharti ya dukani yalikuwa mengi, wala hayakuwa yote ya aina moja. Baadhi yalikuwa sheria ya nchi, na aliyeivunja alitozwa faini. Baadhi yalikuwa utaratibu uliowekwa na mwenye duka. Mengine yalikuwa adabu tu kati ya binadamu na binadamu. Aliyezitambua aina hizi tatu alijua lipi lilikuwa halina mjadala, lipi aliweza kuliombea ruhusa, na lipi aliachiwa yeye na dhamiri yake.

Maelezo haya yanahusu Uingereza peke yake. Wakazi wa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini walikuwa na kanuni zao.

1. Maradhi husafirije dukani?

Virusi vya korona hutoka kwa mtu pamoja na pumzi na matone madogo ya mate, anapokohoa, anapozungumza, anapocheka au hata anapovuta pumzi tu. Wengine huvipokea wanapoivuta hewa hiyo, au wanapogusa kitu chenye virusi kisha wakajishika macho, pua au mdomo. Hatari huzidi watu wanapokaribiana, wanapokuwa ndani ya jengo, na wanapokaa pamoja muda mrefu. Supamaketi iliyojaa watu hukusanya mambo yote matatu.

Aidha, takriban mtu 1 kati ya 3 wenye virusi hivi haoni dalili yoyote. Hana homa, hakohoi, na anajiona mzima kabisa, ilhali anaweza kuwaambukiza wengine. Ndiyo maana haifai kusema, “Mimi sijambo, barakoa ya nini?” Barakoa yako humkinga zaidi yule aliye mbele yako, na yake hukukinga wewe.

Kutokana na maelezo haya tunapata kanuni moja rahisi kukumbuka: watu wachache, safari chache, dakika chache. Karibu kila sharti litakalofuata ni tawi la kanuni hiyo.

2. Sheria ya nchi

Kutoka nyumbani. Mtu aliruhusiwa kwenda kujinunulia mahitaji ya lazima yeye na watu wa nyumba yake, au kumnunulia mtu asiyeweza kutoka, kama vile mzee au mgonjwa. Sheria haikutaja idadi ya safari kwa wiki, lakini serikali iliwaomba watu waende mara chache iwezekanavyo, na katika maduka ya mtaani mwao. Kwenda dukani hakukuwa udhuru wa kupita kwa jamaa na kuingia ndani kunywa chai.

Barakoa. Ilikuwa lazima kuufunika mdomo na pua ndani ya duka tangu mtu anapoingia hadi anapotoka. Haikuwa lazima iwe barakoa ya kununua. Kitambaa kilichoshonwa nyumbani, ncha ya ushungi au nikabu vyote vilikubalika, mradi vishike vizuri pembeni mwa uso bila kuacha mwanya. Ni bora kitambaa kiwe na angalau tabaka mbili. Barakoa iliyoteremshwa kidevuni haimkingi mtu yeyote.

Wasiolazimika. Watoto walio chini ya miaka 11 hawakulazimika kuvaa barakoa. Vivyo hivyo watu ambao ugonjwa, ulemavu au dhiki kubwa ya nafsi iliwazuia kuivaa. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji barua ya daktari, bali ilitosha aeleze kwamba amesamehewa.

Faini. Aliyetoka bila udhuru, au aliyekataa kuvaa barakoa bila sababu iliyokubalika, aliweza kutozwa pauni 200. Alipolipa ndani ya siku 14, alilipa nusu yake. Aliporudia kosa, faini iliongezeka maradufu kila mara hadi kufikia pauni 6,400.

3. Utaratibu wa duka

Kila duka lilikuwa na haki ya kujiwekea utaratibu wake, nao ulitofautiana duka kwa duka. Mtu alitakiwa kusoma tangazo lililobandikwa mlangoni kabla ya kuingia. Haya ndiyo yaliyopatikana mara nyingi:

Foleni ya nje. Idadi ya watu ndani ilikuwa na kikomo, hivyo ilitokea watu wakasubiri nje, kila mtu akiwa mita 2 kutoka kwa mwenzake, yaani kama hatua mbili ndefu za mtu mzima. Wakati huo ulikuwa wa baridi, kwa hiyo nguo nzito zilihitajika.

Mtu mmoja kwa kila nyumba. Maduka mengi yaliomba aingie mtu mmoja tu. Hili halikuwa sheria ya nchi bali lilikuwa ombi la duka. Mama asiye na wa kumwachia mtoto, au mtu mwenye ulemavu aliyehitaji msaidizi, alitakiwa kumweleza kwa utulivu mfanyakazi aliyekuwa mlangoni. Aghalabu aliruhusiwa.

Alama za sakafuni. Mishale ilionyesha upande wa kutembea kati ya rafu ili watu wasikabiliane uso kwa uso, na mistari iliyokuwa karibu na kaunta ya malipo ilionyesha mahali pa kusimama. Aliyesahau kitu nyuma alizunguka upya, bila kurudi kinyumenyume.

Saa maalumu. Baadhi ya maduka yalitenga saa za asubuhi kwa ajili ya wazee, wagonjwa na wafanyakazi wa afya. Asiyekuwamo katika makundi hayo aliwaachia saa hizo.

Kiwango cha bidhaa. Duka linaweza kuweka kikomo cha idadi ya bidhaa moja kwa kila mnunuzi. Ukinunua kwa ajili ya nyumba mbili, muulize mfanyakazi kabla ya kufika kwenye malipo.

Malipo. Inapowezekana, lipa kwa kuigusisha kadi kwenye mashine. Wakati huo mtu aliweza kulipa hadi pauni 45 kwa njia hiyo bila kubonyeza namba ya siri.

4. Adabu

Tulikotoka, kwenda sokoni ni kukutana. Mtu hukutana na jirani penye mafungu ya ndizi, wakapeana mikono, wakaulizana hali za watoto na za wagonjwa, na asiyefanya hivyo huonekana mwenye kiburi. Wakati huo heshima hiyo hiyo ilihitaji sura nyingine. Mtu aliweka mkono kifuani, akatoa salamu kutoka mbali, kisha akasema, “Nitakupigia simu jioni.” Mkubwa aliamkiwa kwa maneno bila kubusiwa mkono. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya rafu huwazibia wengine njia, na huongeza muda wa kuvuta hewa ya pamoja.

Unapochagua matunda na mboga, chagua kwa macho kwanza, kisha shika unachokinunua tu. Usimnyooshee mkono wala kumpita kwa karibu aliyeinama kwenye rafu, bali msubiri amalize. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, usiivue barakoa.

Aliyemwona mtu hana barakoa hakutakiwa kumkabili. Huenda alikuwa amesamehewa kwa sababu isiyoonekana kwa macho. Ilitosha kujitenga naye tu na kuendelea na shughuli.

Mfanyakazi wa duka akikukumbusha jambo, usilichukulie kuwa ni dharau. Kutwa nzima hupita mbele yake mamia ya watu, naye ana wake anaorudi kwao jioni. Wengi wetu na watoto wetu tunafanya kazi hizo hizo, kwenye kaunta, ghalani na katika mabasi, nasi tunajua neno la asante lina uzito gani. Lakini yeyote atakayekutukana au kukutishia kwa sababu ya rangi, lugha au mavazi yako ametenda kosa. Waarifu polisi kwa namba 101, au 999 ikiwa kuna hatari ya papo hapo.

Adabu ya mwisho ni kutohodhi. Mwezi wa Machi 2020 rafu za unga, tambi na karatasi za chooni zilibaki tupu katika maduka mengi, si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu kila mmoja alichukua zaidi ya haja yake. Nunua cha wiki moja au mbili. Hata kwa futari ya Ramadhani, ongeza kidogo kidogo katika kila safari badala ya kungojea msongamano wa siku za mwisho.

5. Kabla ya kwenda na baada ya kurudi

Kaeni pamoja mchague mnunuzi mmoja. Awe mtu mzima mwenye afya, si mzee wala mwenye kisukari, pumu kali au maradhi ya moyo. Ikiwa yupo anayetoka kwenda kazini na hupita karibu na duka, huyo anafaa zaidi, kwani safari mbili zitakuwa moja.

Andikeni orodha kwa kufuata mpangilio wa duka, mboga pamoja, vya baridi pamoja, vya kopo pamoja. Wazee wetu wengi wamezoea kuchagua wenyewe samaki na muhogo, na kuwanyima kazi hiyo kunaweza kuwaumiza. Basi mzee na aisimamie orodha. Yeye ndiye aseme kinunuliwe nini na kiasi gani, na kijana awe miguu yake.

Nenda saa ambazo watu ni wachache, chukua mifuko yako, na utumie kitakasa mikono mlangoni.

Ukirudi, jambo la kwanza ni kunawa mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 20. Panga vitu, kisha nawa tena. Barakoa ya kitambaa ifuliwe, na ya kutupa itupwe ndani ya pipa. Matunda na mboga zioshwe kwa maji safi kama kawaida. Usivioshe vyakula kwa sabuni wala kwa dawa ya kusafishia sakafu, kwani hivyo vyaweza kukudhuru tumboni, ilhali uwezekano wa kupata korona kupitia chakula ni mdogo sana.

6. Nani hakutakiwa kwenda kabisa?

Mtu yeyote mwenye homa, kikohozi kipya kisichokatika, au aliyepotewa na uwezo wa kunusa au kuonja, hakutakiwa kwenda dukani hata kwa mkate. Yeye na wote aliokaa nao walitakiwa kubaki ndani, naye aliagiza kipimo kwa kupiga simu 119. Aliyepimwa akakutwa na virusi, au aliyearifiwa na NHS kwamba alikaribiana na mgonjwa, alilazimika kisheria kujitenga kwa siku 10. Aliyevunja sharti hilo alitozwa faini iliyoanzia pauni 1,000. Pia wale walioandikiwa barua na NHS kwamba wamo katika hatari kubwa zaidi walishauriwa wasiende madukani.

Je, chakula kilipatikanaje? Kwanza, jirani au jamaa alinunua na kukiacha mlangoni, bila kuingia. Pili, watu waliagiza kwa intaneti, ambapo wenye barua ya NHS waliweza kupewa nafasi za kipaumbele. Tatu, halmashauri ya mtaa na wahudumu wa kujitolea wa NHS, kwa namba 0808 196 3646, waliweza kuwasaidia kununua bidhaa na kuchukua dawa. Aliyezungumza nao aliweza kuomba mkalimani. Hapakuwa na haja ya kuona haya, kwani huduma hiyo iliwekwa kwa ajili hiyo.

Walikuwapo waliouficha ugonjwa kwa kuogopa kupoteza ujira. Mwenye kipato kidogo asiyeweza kufanyia kazi yake nyumbani aliweza kuiuliza halmashauri kuhusu malipo ya pauni 500 kwa waliotakiwa kujitenga. Walikuwapo pia walioogopa kuulizwa hati za ukaazi. Kipimo na matibabu ya korona yalikuwa bure kwa kila mtu aliyekuwa nchini, na hospitali haikutakiwa kuchunguza hali ya uhamiaji ya aliyekuja kwa korona peke yake. Chanjo nayo ilikuwa bure, na mzee alipoitwa, ilifaa apelekwe bila kukawia.

7. Maswali ya kujadiliana nyumbani

Nani atakuwa mnunuzi wetu, na nani atashika nafasi yake akiugua?

Wiki iliyopita tulikwenda dukani mara ngapi? Safari zipi zingeweza kuunganishwa?

Tukijitenga siku 10 kuanzia kesho, nani atatuletea chakula na dawa? Je, namba yake tunayo?

Kuna jirani asiyejua Kiingereza au asiye na jamaa karibu, ambaye mnunuzi wetu anaweza kumchukulia chochote?

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Soma maelezo haya kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, hasa wasiopenda kusoma, kisha yabandikeni jikoni, palipo na orodha.