Simu yangu, TikTok ya binti yangu

Swali: Binti yangu wa miaka 14 huazima simu yangu ya Android. Akiingia TikTok hatoki. Nifanyeje?

Jibu: Mama, fungua Mipangilio, kisha Digital Wellbeing. Humo utaona kila programu imetumika dakika ngapi leo. Chagua TikTok, weka kikomo, tuseme dakika 30. Zikiisha, programu hujifunga na alama yake hugeuka kijivu hadi saa sita usiku, hesabu inapoanza upya. Lakini kikomo hicho hakilindwi kwa nywila; anayejua njia hukiondoa, na watoto hujifunza upesi. Akipata simu yake mwenyewe, tumia Family Link, ambapo kikomo unakiweka wewe kutoka simu yako. Kwa sasa mwambie dakika zake mapema, asikatizwe ghafla katikati ya video.