Kazi ya Dukani Nayo ni Kazi: Jinsi ya Kuiandika Kwenye CV Yako

Ukipita mjini Kakamega Jumatatu asubuhi utapata saiba zimejaa. Vijana wamesimama na flashi mkononi, wanangoja kuchapishiwa CV. Nyingi za hizo CV zinafanana kama mapacha: jina, shule ya msingi, sekondari, chuo, halafu ule mstari tunaoujua sote, "mimi ni mtu mwenye bidii, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Basi, imeisha. Na mara nyingi kile kilichoachwa nje ndicho mwajiri alichokuwa akitafuta.

Tunasema hivi kwa sababu yametukuta. Mwenzetu mmoja hapa kwenye timu alikuwa mwanafunzi wakati vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Alirudi nyumbani Lurambi akaingia kwa duka la shangazi yake, la kuweka na kutoa pesa. Hata masomo yaliporudi, aliendelea kukaa pale jioni na wikendi, jumla karibu miaka miwili. Alipohitimu akatuma CV kila mahali. Kimya. Siku moja akaitwa mahojiano, na mama aliyekuwa akimhoji akamuuliza:

"Hapa katikati ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa tu namsaidia shangazi kwa duka la M-Pesa."

"Pesa zilikuwa zinapungua jioni?"

"Hapana. Mara mbili tu kwa hiyo miaka, na tulizipata."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Sasa hii mbona hukuandika?"

Kazi ile alipewa mtu mwingine. Lakini jioni hiyo mwenzetu alikaa chini akaandika CV upya, na hicho ndicho tunataka ufanye leo. Kama umewahi kukaa kwa duka la wakala, kuendesha boda boda, kuuza mitumba au kusimamia kibanda cha chipsi, una uzoefu wa kazi. Kilichobaki ni kuuandika vile mtu asiyekujua ataelewa.

1. Toa neno "tu"

"Nilikuwa tu nasaidia." Neno hilo dogo limewakosesha watu wengi kazi. Kazi haihitaji barua ya ajira ndiyo iitwe kazi. Mwajiri anayetafuta keshia anataka kujua mambo matatu: umewahi kushika pesa za mtu mwingine? Ulikuwa ukiwahi kufungua? Ulizungumza na wateja vipi walipokasirika? Aliyekaa dukani mwaka mzima ana majibu ya yote matatu. Aliyeandika "mwenye bidii" hajajibu hata moja.

Na kama duka lilikuwa la familia, sema ukweli. Andika "duka la familia." Hakuna aibu hapo. Aibu itakuja mwajiri akipiga simu kwa "meneja" wako halafu shangazi apokee akiuliza kama umekula.

2. Tafuta hesabu zako

Hapa ndipo watu wa malipo kwa simu mko mbele ya wengine, kwa sababu kazi yenu huacha alama. Kila muamala una ujumbe, kila siku ina hesabu ya jioni.

Kama ulikuwa wakala, chukua hesabu za wiki tatu za kawaida. Usichague wiki ya Krismasi wala ya kufungua shule, hizo zina watu wengi kuliko kawaida. Hesabu miamala yote, ugawanye kwa siku ulizofanya kazi. Tuseme umepata miamala 1,260 kwa siku 18. Hiyo ni miamala 70 kwa siku. Tayari una sentensi moja ya CV ambayo jirani yako kwenye foleni ya saiba hana.

Kama una biashara yako ndogo na wateja hulipa kwa simu, omba taarifa ya miamala ya miezi sita. Kwa M-Pesa unaweza kuipata kupitia *334# au programu ya simu. Ukiifungua, jiulize: niliuza siku ngapi kwa wiki? Mwezi wa kwanza na wa sita vinatofautianaje? Nilikuwa na wasambazaji wangapi niliowalipa kwa wakati?

Onyo moja. Chukua hesabu, lakini majina na nambari za simu za wateja yaache palepale. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwajiri akiona umepiga picha daftari la wateja ukaliambatanisha na CV, atajiuliza utafanya nini na siri zake. Vilevile mapato ya duka la mtu si yako kutangaza bila ruhusa yake. Idadi ya wateja uliohudumia inatosha.

Na usiongeze chumvi. Ukiandika wateja 200 kwa siku, anayeijua kazi hii atakuuliza ulikuwa na floti ya kiasi gani, na mlikuwa wangapi kaunta. Andika kile unachoweza kukieleza bila kusita.

3. Andika kitendo, kiasi, na kilichotokea

Huu hapa mfano tuliobuni. Kwanza, vile wengi huandika:

*2021–2022: Nilifanya kazi duka la M-Pesa. Majukumu: kuhudumia wateja na majukumu mengine.*

Sasa tuiandike upya:

*Mhudumu, duka la wakala wa M-Pesa (duka la familia), Lurambi, Kakamega. Januari 2021 – Desemba 2022.*
*• Nilihudumia wateja takriban 70 kwa siku, kuweka na kutoa pesa, na kukagua kitambulisho kabla ya kila muamala.*
*• Nilisawazisha pesa taslimu na floti kila jioni na kuandika tofauti yoyote siku hiyohiyo.*
*• Nilipanga floti mapema kwa siku za soko, ili wateja wasirudishwe.*
*• Nilimfundisha mhudumu mpya kazi ya kaunta kwa wiki mbili kabla ya kuondoka.*

Kazi ni ileile na mtu ni yuleyule. Lakini wa pili unaweza kumwona akiwa kaunta. Kila mstari umeanza na kitendo. Palipo na hesabu, imeandikwa. Na ule mstari wa floti unaonyesha mtu aliyetumia akili bila kuambiwa. Hiyo ndiyo maana ya "kufanya kazi bila kusimamiwa," ila sasa imeonekana.

Mtu wa boda boda anaweza kufanya vivyo hivyo: miaka barabarani, leseni aliyo nayo, mizigo aliyopeleka kwa maduka gani ya kawaida, ajali ngapi. Kama jibu la mwisho ni hakuna, liandike.

Matangazo mengi ya kazi hapa kwetu huwa kwa Kiingereza. Likiwa hivyo, andika CV kwa Kiingereza pia, lakini mpango ubaki huohuo. Na kwenye sehemu ya lugha, usisahau Kiluhya. Kampuni inayotaka mtu wa kuhudumia wateja Shinyalu au Khayega inamhitaji anayeweza kuongea na kukhu bila mkalimani. Hiyo ni stadi.

4. Dai karatasi yako

Wengi hawajui hili. Chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi unapoacha kazi, ikiwa ulifanya kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Si barua ya kukusifu. Hiyo ya sifa halazimiki kukupa. Cheti hiki husema tu jina lake, jina lako, ulianza lini, ulimaliza lini, na ulifanya kazi gani wapi. Lakini karatasi hiyo moja inageuza maneno yako kuwa ushahidi. Iombe kwa heshima siku unayoondoka, kabla hamjapoteana.

Kama wewe ni fundi uliyejifunza kazi kwa mikono, labda makanika, mshonaji au fundi wa stima, kuna mitihani ya ufundi ya NITA. Inapima unachoweza kufanya, na cheti chake unakiweka kwenye CV kama kingine chochote.

Kwa wadhamini, tafuta watu wawili au watatu wasio wa familia. Aliyekusimamia wakati wa atachimenti, mwenye duka la jumla mliyekuwa mkinunua kwake, au afisa aliyekuwa akija kukagua duka. Wapigie kwanza uwaombe. Mdhamini anayeshtuka akisikia jina lako hakusaidii.

5. Hiyo simu ni ya nani?

Juu kabisa ya CV weka jina, nambari ya simu, barua pepe na mji unaoishi. Inaonekana rahisi, lakini tunaona makosa hapa kila wakati. Vijana wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama au kaka. Mwajiri akitaka kukutumia nauli ya mahojiano, jina linalotokea kwenye simu yake si lile lililo kwenye CV. Anasita. Ukishapata kitambulisho, sajili laini yako mwenyewe, na jina la CV lifanane na la kitambulisho.

Barua pepe nayo iwe ya jina lako, si ile ya utani uliyofungua ukiwa kidato cha pili.

Vitu vya kuacha nje: nambari ya kitambulisho, dini, kabila, na kama umeoa au hujaoa. Havisemi chochote kuhusu kazi, na CV hupita mikononi mwa watu usiowajua. Mwajiri akikuajiri atakuomba kitambulisho mwenyewe.

6. Usilipie vyeti kabla ya wakati

Kuna wakati mtu alikuwa anaomba kazi moja na kutumia maelfu kutafuta vyeti: tabia njema, HELB, KRA, EACC, CRB. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa. Sasa mwajiri hapaswi kukudai vyeti hivyo vya uidhinishaji ila akiwa anakusudia kukuandikia mkataba wa kazi. Hii ni pesa yako. Cheti cha tabia njema peke yake ni shilingi 1,050 kwenye eCitizen. Soma tangazo vizuri, na kama linakudai vyeti hivyo mapema, kumbuka sheria inasema nini kabla ya kufungua pochi.

Na hapa tuongee kama watu wa malipo. Ukipokea ujumbe kwamba "CV yako imepita, tuma 500 ya fomu kwa nambari hii ili tukupangie mahojiano," usitume. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe. Laghai anajua unatafuta kazi kwa sababu CV yako ina nambari yako, na pesa ikishatumwa huitoa kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa kuthibitisha. Tafuta nambari rasmi ya kampuni wewe mwenyewe, piga uulize. Kama uko kwenye Safaricom, mpeleke laghai kwa kutuma ujumbe wake kwenda 333.

Kabla hujabonyeza tuma

• CV iwe kurasa mbili, zisizidi. Kazi ya karibuni ianze, shule ya msingi haihitajiki.
• Soma tangazo tena. Wameomba nini mara mbili? Hicho kiwe kwenye nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza.
• Hifadhi kama PDF, ipe faili jina lako na kazi unayoomba. Usitume picha ya CV iliyopigwa kwa simu.
• Mpe mtu mwingine aisome kwa sauti. Akikwama mahali, rekebisha pale.
• Weka simu ikiwa na chaji. Nambari ngeni ikipiga, pokea.

Mwenzetu wa Lurambi alifanya haya yote, akatuma CV mpya kwa sehemu nne. Mbili zilimjibu. Leo anakaa meza ya tatu kutoka kwetu, na yeye ndiye aliyetuambia tuandike somo hili.

Kwa hivyo jioni ya leo, kabla hujaenda saiba, chukua daftari. Andika kila kazi uliyowahi kufanya tangu umalize shule, hata ile uliyolipwa kwa chakula. Mbele ya kila moja andika hesabu moja ya kweli. Ukimaliza, utakuwa na CV. Kilichobaki ni kuipanga tu.