Mwizi Asiyekuja na Neno Lake: Prosesa na Ulinzi wa Mwenendo wa Programu

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa lugha akikutana na habari za usalama wa tarakilishi huona kwamba hayo ni ya wenzake wa kitivo cha sayansi, akafunua ukurasa unaofuata. Makala hii inanuia kumzuia kidogo. Lipo shambulio moja ambalo, likitazamwa vyema, ni suala la matini. Adui haandiki lolote jipya. Anatwaa maneno ya mwenye matini na kuyapanga upya hadi yaseme asilolikusudia mwenyewe. Tutalieleza shambulio hilo, kisha tueleze kwa nini kinga yake imelazimika kuingizwa ndani ya prosesa, yaani kile kiungo cha tarakilishi kinachotekeleza amri za programu.

Tuchukue mfano wa barua. Mtu anataka kughushi barua ya tajiri ili benki itoe fedha. Akiiandika kwa mkono wake, mwandiko utamfichua. Lakini akizipata barua za zamani za tajiri huyo, akakata neno hapa na neno pale na kuyabandika pamoja, mkaguzi wa mwandiko hana la kusema, maadamu kila neno ni la tajiri mwenyewe. Hapo linalohitaji kukaguliwa ni mfuatano wa maneno.

Kutoka mwandiko hadi mfuatano

Hapo awali adui alikuja na maneno yake. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ilienea katika intaneti ya wakati huo. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kujaza sehemu ya kumbukumbu kupita kiasi, data ikafurika na kufunika anwani ya kurejea. Anwani hii ndiyo kiini cha mjadala wetu. Programu inapoacha kazi moja ili kutekeleza nyingine ndogo, huandika kwanza mahali itakaporejea. Anwani hizo hupangwa katika rundo, mithili ya sahani jikoni: iliyowekwa mwisho ndiyo huondolewa kwanza. Anayefaulu kuibadilisha anwani hiyo huiamuru prosesa irejee atakako yeye.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuyakataa maneno ya mgeni. Kuanzia 2003 kampuni ya AMD, na mwaka uliofuata Intel, ziliziwezesha prosesa zao kutenga sehemu za kumbukumbu ambazo ni za data tu, amri zilizomo zisitekelezwe. Huyo ndiye mkaguzi wa mwandiko. Ajabu ni kwamba jibu la wavamizi lilikuwa limekwishatolewa. Mwaka 1997 mtaalamu anayejulikana kwa lakabu ya Solar Designer alionyesha kuwa adui anaweza kuielekeza programu kwenye kazi zilizomo tayari katika maktaba yake yenyewe, bila kuleta amri hata moja.

Mwaka 2007 Hovav Shacham, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alilipeleka jambo hili mbali zaidi. Adui hahitaji kazi nzima. Vipande vya amri mbili tatu vinatosha, mradi kila kipande kiishie kwa amri ya kurejea, nayo imkabidhi prosesa kwa kipande kinachofuata. Fauka ya hayo, amri za prosesa za jamii ya x86 hazina urefu mmoja: zinaanzia baiti 1 hadi 15, na hakuna nafasi inayozitenga. Ukianza kusoma katikati ya amri unapata amri nyingine kabisa. Mswahili anaweza kulielewa hili upesi. Katika neno "tuliwasalimu" mna "liwa", mna "asali", mna "sali", na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo msemaji alilikusudia. Kwa maoni yangu, hakuna mfano bora zaidi wa matini kubeba maana zisizo za mwandishi wake.

Mlinzi ndani ya prosesa

Kulinda mfuatano kwa programu pekee kunawezekana. Abadi na wenzake walipendekeza njia hiyo mwaka 2005. Ila kila ukaguzi huongeza kazi, na programu huzorota. Ndipo wataalamu wakaigeukia prosesa, ambayo huona kila hatua inayopigwa.

Jaribio moja maarufu ni kBouncer, la Vasilis Pappas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia. Lilimpatia Pappas tuzo ya dola 200,000 kutoka Microsoft mwaka 2012. Prosesa za Intel za wakati huo zilikuwa zikihifadhi orodha ya miruko 16 ya mwisho ya programu. kBouncer iliisoma orodha hiyo kila programu ilipotaka kufanya jambo la hatari, ikitafuta msururu wa vipande vifupi vifupi. Mwaka 2014 Nicholas Carlini na David Wagner walionyesha udhaifu wake: adui anaweza kuongeza vipande virefu visivyodhuru kabla tu ya kufika langoni, orodha ikajaa hatua za kistaarabu. Mlinzi asiyekumbuka zaidi ya hatua 16 alihadaika.

Njia iliyodumu ni rahisi zaidi. Intel iliitangaza mwaka 2016, na prosesa zake za kwanza zenye kinga hiyo zikatoka 2020. Prosesa hutunza rundo la pili, tuliite rundo kivuli, ambalo amri za kawaida haziwezi kuliandika. Kila anwani ya kurejea huwekwa katika marundo yote mawili. Wakati wa kurejea prosesa huzilinganisha. Zikitofautiana, programu husimamishwa papo hapo. Linux ilianza kuwezesha rundo kivuli kwa programu za watumiaji katika toleo la 6.6, mwaka 2023.

Je, mwizi ameshindwa? La hasha. Mwaka 2016 Hong Hu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walionyesha shambulio linaloacha mfuatano halali wa programu kama ulivyo na kubadilisha data tu. Ni kama barua ambayo sentensi zake zote ni sahihi, ila kiasi cha fedha kimefutwa na kuandikwa kingine.

Lililo karibu zaidi nasi ni rununu. Prosesa za ARM zilipewa kinga ya aina yake mwaka 2016: anwani hutiwa sahihi ya siri, ikakaguliwa kabla ya kutumiwa. iPhone zilikuwa nayo kufikia 2018. Lakini viini vya Cortex-A53 na Cortex-A55, vilivyotumika katika rununu nyingi za bei nafuu, ni vya matoleo yaliyotangulia kinga hiyo. Anayehifadhi akiba yake katika rununu ya namna hiyo bado anamtegemea mkaguzi wa mwandiko.